Tulianza wote mwaloni, sasa mwenzangu anapakia Fuso

Msomaji wa Igombe, hapa Mwanza, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha kwa maneno yake:

"Shikamoo dokta. Nina miaka 33, naishi Igombe na wanangu wawili. Nanunua dagaa wabichi hapa mwaloni, naanika, nauza soko la Kirumba. Nina shoga yangu ambaye kazi hii nilimfundisha mimi. Leo anapakia magunia kwenye Fuso yanaenda Congo, ana kiwanja Buhongwa na msingi umeshasimama. Mimi nipo palepale. Nikimwona roho inaniuma, halafu najichukia kwa kuumia. Mwezi wa nne nilikopa laki sita kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili na mimi nichukue mzigo mkubwa kama yeye. Mvua ikanyesha, nikaishia kuwauza wale dagaa kwa watu wa chakula cha kuku. Kwenye kikoba siku hizi sisemi kitu, naona wote wananiona mjinga. Usiku nafungua status zake mpaka saa sita. Hata binti yangu wa darasa la nne nimeanza kumwambia amtazame mtoto wa mwenzangu. Nifanyeje niache kujilinganisha? Na je, nimwambie shoga yangu ukweli?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi si daktari wa sindano, ni mshauri nasaha, ila mjini hapa kila anayekaa nyuma ya meza anaitwa dokta, nimeshazoea.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: kuacha kabisa hutaweza. Nakuambia mapema ili usimalize nguvu kwenye jambo ambalo hakuna aliyelimudu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua amefikia wapi, na pale anapokosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu wengine, hasa wale wanaofanana naye. Gunia lako lina mizani pale Kirumba. Lakini "mimi ni mfanyabiashara hodari?" haina mizani popote, kwa hiyo macho yanahamia kwa jirani. Wanafanya hivyo wachungaji, wanafanya hivyo walimu wakuu, na mimi nikisikia mshauri mwenzangu kaitwa kwenye semina Dodoma nami nikaachwa, huwa nauliza alipitia kwa nani.

Lakini angalia macho yako yamehamia kwa nani. Capri Point kuna nyumba zinazotazama ziwa ambazo hela ya geti peke yake ingezidi mtaji wako wote, na hukuandika hata neno moja juu ya wenye nyumba hizo. Wenye viwanda vya sangara hukuwataja. Kurasa zote zile ni za mtu mmoja. Abraham Tesser, naye mwanasaikolojia wa Marekani, alilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980, akaonyesha kwamba mafanikio ya mwenzetu hutuchoma zaidi yanapokutana mambo mawili: mtu mwenyewe ni wa karibu, na kitu alichofanikiwa ndicho sisi tunachojivunia. Shoga yako angechaguliwa kuongoza kwaya, ungepiga vigelegele kuliko watu wote kanisani. Amefanikiwa kwenye dagaa, na dagaa ndiyo kazi uliyomshika mkono ukamfundisha. Lazima iume. Wala maumivu hayo hayakufanyi mtu wa roho mbaya. Roho mbaya ingekuwa kumwombea mzigo wake unyeshewe, na hilo halimo katika barua yako. Mzigo ulionyeshewa ni wako.

Sasa kuna sentensi ambayo sikuiweka kwenye muhtasari hapo juu, kwa sababu nataka tuitazame peke yake. Ukiwa katikati ya habari za Fuso umeandika: "na kaka yake ana mitumbwi miwili Ukara." Ukaweka nukta, ukaendelea na kiwanja. Mdogo wangu, hiyo sentensi ni nusu ya barua!

Fikiria asubuhi yako. Unaamka saa kumi, unashuka mwaloni, unasubiri mitumbwi itie nanga. Inapofika mko wanawake ishirini na mabeseni, bei inapanda mnatazamana, na unatoa taslimu hapohapo au unamwachia mwenzako. Mwenye kaka mwenye mitumbwi hapiti huko. Mzigo wake unatoka mkononi mwa ndugu, bila dalali, na sitashangaa kama hela anaitoa akishauza. Ule ni mtaji. Hauonekani kwa sababu haukai kwenye pochi wala kwenye simu, unakaa kwenye ukoo. Wewe umekuwa ukilinganisha faida yako na faida yake huku safu ya mtaji umeifunika kwa mkono, kisha unashangaa kwa nini hesabu inakuonyesha mjinga.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukisema "kumbe amebebwa." Mwaloni kuna watu wengi wenye kaka wenye mitumbwi na biashara imewafia mikononi. Umeandika mwenyewe, tena kwa kinyongo kidogo, kwamba aliacha zamani kuanika mchangani akatengeneza vichanja. Hapo hakubebwa na mtu. Dagaa wa kichanjani hewa inapita juu na chini, wanakauka upesi, na mnunuzi akiwatafuna hasikii mchanga. Mvua ikitishia unafunika turubai juu ya kichanja, wakati wa mchangani wameshaanza kulowa kutoka chini. Sehemu hii ya mafanikio yake unaweza kuichukua kama ilivyo, bila kuzaliwa upya kwenye ukoo wenye mitumbwi.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwako ni hii. Nunua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza: vitu alivyonavyo ambavyo vimetokana na ndugu, ndoa, bahati au mahali alipozaliwa. Ya pili: vitu alivyofanya kwa akili na mikono yake ambavyo nami naweza kufanya. Ya tatu: nisivyovijua. Hii ya tatu ijaze kwa uaminifu. Fuso ni yake au amekodi nafasi? Msingi wa Buhongwa umejengwa kwa faida au kwa mkopo? Akishalipa usafiri, ushuru na wapakiaji, kila gunia linamwachia shilingi ngapi? Wanunuzi wa ng'ambo wanalipa siku hiyohiyo au anawadai mpaka leo? Karibu kila mtu niliyemfanyisha zoezi hili amekuta safu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Ukilinganisha, linganisha na safu zote tatu zikiwa wazi. Hiyo nakuruhusu, hata kila siku.

Na safu hiyo ya tatu ina upande wa moyo pia. Mwaka 2011 Alexander Jordan na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Wanafunzi wale walikadiria kwamba wenzao hupatwa na huzuni na mikasa michache kuliko ilivyo kweli, na sababu mojawapo ni kwamba mtu akilia analia chumbani, akicheka anacheka mbele za watu. Status ya saa tatu usiku inaonyesha Fuso limejaa. Hakuna anayeweka status ya siku gunia limerudishwa mpakani.

Tuje kwenye laki sita, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Kwa hesabu uliyoniandikia, ulikuwa unarejesha 26,000 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni 780,000. Yaani laki moja na elfu themanini iliondoka hata kabla ya mvua kudondoka. Lakini si riba iliyonisikitisha zaidi. Umeniambia ulinunua wiki ile mwezi unakaribia kujaa, na umesema ni kwa sababu "na yeye alikuwa anapakia." Wewe ni mtu wa Igombe, si mgeni aliyeshuka na basi jana. Unajua kuliko mimi kwamba dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi inapata kidogo au inalala nchi kavu, na kidogo hicho bei yake inaruka. Unajua mwezi wa nne ni masika. Unajua mchanga wako haukauki masika. Ulikuwa na ujuzi wote huo kichwani, ukauweka pembeni, ukanunua kwa kalenda ya mtu ambaye alikuwa na bei nyingine, njia nyingine na vichanja.

Mtu asiyejiamini mara nyingi hakosi ujuzi. Anao, ila siku ya kuutumia anautupa, anachukua wa mwenzake bila kuuelewa. Halafu akipata hasara anasema "si nilijua mimi siwezi." Hasara inakuwa ushahidi dhidi yake, wakati kosa lilikuwa kutokujisikiliza.

Basi weka sharti moja: usikope hela yoyote ndani ya siku saba tangu siku uliyoumia. Umeona msingi wake umeongezwa tofali, roho ikashtuka, hesabu siku saba. Siku ya nane kama bado unataka mkopo, upeleke ombi kwenye kikoba chako, ambako riba inabaki kwenu na mwisho wa mzunguko mnagawana, na ambako mtu atakuuliza "unanunua nini, lini?" Swali hilo peke yake lingekuokoa mwezi wa nne. Watu wa kausha damu hawaulizi mwezi umejaa au haujajaa.

Kuhusu status sina mengi. Mnyamazishe kwenye simu, hataona kwamba umefanya hivyo, na simu ilale chumba kingine na si chini ya mto. Mtu anayeamka saa kumi hawezi kuangalia mali za watu hadi saa sita akategemea kuwa na akili ya kununua.

Kikoba ndiko ninakotaka nikae kidogo. Unasema kila mtu anakuona mjinga tangu ile hasara, kwa hiyo unakaa nyuma, unatoa hisa zako, unasaini, unaondoka kabla ya chai. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambayo angeona aibu kuivaa, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake, kisha akaulizwa: unadhani wangapi wameona picha hiyo? Walikisia karibu nusu. Walioona kweli walikuwa kama robo tu. Tunajiona tumesimama kwenye taa kuliko tulivyo. Siku ya kikoba mwenyekiti anawaza nani hajaleta rejesho, mweka hazina anaogopa hesabu isipolingana atalala na deni, na yule mama wa pembeni ambaye unadhani anakucheka anawaza ada. Hasara yako waliisikia, wakasikitika siku mbili, wakarudi kwenye za kwao.

Ila kukaa kimya kuna madhara yake. Ukinyamaza unakosa nafasi ya kugundua kwamba hakuna anayekucheka, kwa hiyo hofu inanenepa. Dawa yake haianzii kichwani, inaanzia mdomoni. Kikao kijacho uliza swali moja, hata la kawaida: faini ya kuchelewa mwezi huu imefika ngapi? Kikao kinachofuata toa wazo moja. Usisubiri ujiamini ndipo uongee. Kujiamini kunakuja baadaye, mtu akishaona ameongea na paa halikuanguka. Na usiondoke kabla ya chai.

Utakutana na watu, hasa hawa wahamasishaji wa kwenye simu, watakaokwambia usimame mbele ya kioo kila asubuhi useme "mimi ni mshindi, mimi ni mshindi." Usijisumbue. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake kule Kanada walijaribu jambo linalofanana na hilo, wakakuta kwamba watu wanaojithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi baada ya kurudiarudia maneno ya kujisifu. Ni rahisi kuelewa kwa nini: unasema "mimi ni mshindi," na moyo unakujibu hapohapo, "wa mashindano gani?" Badala yake andika kila jioni kitu kimoja ulichofanya ambacho moyo hauwezi kukibishia. Leo nimekataa dagaa wenye maji hata bei ilipopunguzwa. Leo nimelipa mchanga wa kuanikia bila kudaiwa. Ni mambo madogo, lakini ni ya kweli, na baada ya mwezi utakuwa na kipimo chako mwenyewe: wewe wa mwezi uliopita dhidi ya wewe wa mwezi huu. Kipimo hicho ndicho ulichokikosa, na ndiyo maana ulikuwa unaazima cha shoga yako.

Binti yako sasa. Umeandika kwamba marehemu baba yenu alikuwa akiwapanga ninyi na watoto wa baba mkubwa, ripoti za shule mkononi, anasoma namba moja moja mbele ya wageni, na wewe ulikuwa ukijificha jikoni. Umekumbuka mpaka harufu ya moshi. Kisha, mistari kumi chini, unaniambia umemwambia mtoto, "mtazame mwenzako anavyoongea Kiingereza." Sidhani uliona ulivyoziweka habari hizo mbili karibu hivyo.

Mwenzake anasoma shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Wa kwako yuko shule ya serikali, anafundishwa kwa Kiswahili, darasani wamejaa. Umemfanyia kilekile unachojifanyia: umemwonyesha matokeo, ukaficha mtaji. Na yeye hana miaka 33 wala mshauri wa kumwandikia barua. Atakuamini tu, kwa sababu wewe ni mama.

Sikuambii usimsukume mtoto asome. Msukume kwa daftari lake mwenyewe. Mwite, fungueni daftari la hesabu la mwezi uliopita na la mwezi huu, mtafute pamoja kitu ambacho mwezi ule alikuwa hawezi. Kipo, hata kama ni jedwali la saba. Kama hakipo, hapo mmegundua jambo la kwenda kumwona mwalimu, si jambo la kumtukana. Na lile neno ulilokwisha kusema, lirudie kulirekebisha. Mwambie, "siku ile nilikulinganisha na fulani, sikufanya vizuri." Watoto wa kwetu hawajazoea kusikia mzazi anasema hivyo, huenda akakutazama kwa mshangao. Mwache ashangae.

Jambo moja la afya, kwa sababu umesema usingizi umepungua na chakula hakipiti. Kama hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na hata vitu ulivyokuwa unavipenda havikupi raha tena, hilo limevuka mpaka wa kujilinganisha na linatibika. Nenda Bugando, kuna idara ya afya ya akili, au anzia kituo cha afya kilicho karibu na Igombe wakupe rufaa. Na yakikujia mawazo kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje wiki mbili. Nenda siku hiyohiyo, mwambie na mtu mmoja wa nyumbani akusindikize. Hakuna atakayekufunga kamba, zama hizo zimepita.

Limebaki swali lako la mwisho: umwambie shoga yako ukweli?

Si wote. Ukimwendea na "roho inaniuma nikikuona," unamtwika mzigo ambao hana pa kuutua. Atabaki anapunguza furaha yake kila ukipita, ataanza kuficha habari njema, na urafiki utakuwa wa kuviziana. Uchungu wako ulete huku kwetu, au mwambie dada yako wa Sengerema uliyemtaja.

Lakini kunyamaza kabisa nako si sawa, kwa sababu ameshaona umebadilika. Siku hizi ukipita unaongeza mwendo, na yeye si kipofu. Akikuuliza kwa nini umekuwa kimya, mjibu hivi: "Mwezi wa nne nilipata hasara kubwa, nikaona aibu." Ni kweli, na humlaumu kwa lolote. Kisha mpe hongera ya msingi, mara moja, bila kuongeza "sisi wengine tutabaki hivihivi tu." Mkia huo ukiuambatisha, hongera inageuka lawama.

Na muulize kuhusu vichanja. Hapa wengi hushindwa, kwa sababu kuuliza kwa uliyemfundisha kunauma kuliko kuuliza kwa mgeni. Mwalimu kuwa mwanafunzi, shingo haikubali kuinama. Inaweza ikatokea akakujibu kwa maringo. Ikitokea, utakuwa umepoteza nauli ya daladala na saa moja. Ila kwa jinsi ulivyomweleza, mtu ambaye mpaka leo anakuita "mwalimu" mbele ya wateja wake, sidhani.

Nenda siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika na yeye hana haraka ya kupakia. Beba futikamba na lile daftari. Pima urefu na upana wa kichanja kimoja, hesabu mirunda, uliza neti alinunua wapi na kwa bei gani, na uliza kinabeba mabeseni mangapi ya wabichi kwa mara moja. Ukishapata namba hizo niandikie, tuone kama unaweza kuanza na kimoja kabla ya mvua za vuli bila kumgusa mtu wa kausha damu.